Karatasi ya Mistari Myekundu

Nikipanda ngazi za zahanati hapa Garsen napumzika mara mbili, na ngazi zenyewe ni nne. Watu huniuliza kama nilivuta sigara ujanani. Sikuvuta. Nilivuta moshi wa klorini, siku moja tu, ndani ya ndege ndogo iliyokuwa ikipeleka dawa ya maji kijijini kwa dada yangu. Nimeshauriwa nisitaje majina ya waliohusika, nami nimekubali, maana nguvu za kwenda kortini sina. Lakini kazi ya mtu si jina lake. Kazi zao nitazitaja.

Mimi ni mkulima wa Ndera. Nilisoma hadi darasa la tano, baba akasema mikono yangu inahitajika shambani, na kweli ilihitajika. Tumelima ukingo wa mto Tana maisha yetu yote, ndizi, mahindi na mpunga. Mto ukijaa tunapanda juu, ukipungua tunashuka kutia mbegu kwenye tope. Mwaka huo mto ulijaa ukakataa kupungua. Migomba ilisimama ndani ya maji mpaka mashina yakaoza. Nikaja Garsen na mke wangu, tukapewa turubai kambini. Dada yangu mkubwa, yule aliyenilea baada ya mama kufa, alikataa kutoka. Kijiji cha mumewe kiko juu ya kilima kidogo, akasema maji hayajafika pale tangu enzi za babu zao. Ni kweli, hayakufika. Yalikizunguka tu pande zote yakakaa.

Barabara ya kwenda huko ikakatika. Ikabaki mashua, kwa mwenye roho ngumu asiyeogopa viboko, na ndege.

Uwanja wetu wa ndege ni kipande cha ardhi kilichosawazishwa na kibanda cha mabati. Ng'ombe hufukuzwa kwanza ndipo ndege itue. Nilikuwa nimefanya kibarua pale tangu ukame uliotangulia: napima mzigo, napakia, nafunga wavu. Na kabla ya mafuriko tuliletewa mwalimu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, akatukusanya vibarua wanne kwenye kivuli cha bawa la ndege. Alikuwa na kadi kubwa zenye picha. Fuvu la mtu. Mkono ulioliwa na tindikali. Akasema asiyejua kusoma hana kisingizio, picha haitaki shule. Kadi moja ilikuwa ya njano, ina moto uliokaa juu ya duara.

"Hii haiwaki yenyewe," akasema. "Hii inaupa moto pumzi. Ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti, na ukiifunika inaendelea kuwaka."

Mfano wake ulikuwa unga mweupe wa kutibu maji. Kisha akatuonyesha karatasi yenye mistari myekundu ya mshazari pembeni, kulia na kushoto. Mzigo wa hatari hausafiri bila karatasi hiyo. Anayetuma ndiye anayeijaza na kutia sahihi, na rubani lazima aandikiwe ni nini kiko nyuma yake na kimekaa wapi. Chombo kilichopasuka hakipandi ndege. Kwisha maneno.

Nililipenda somo lile. Labda ni kwa sababu tangu darasa la tano hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu akiamini nitakielewa. Wenzangu walisahau kabla ya chai ya jioni. Mimi nilizishika zile picha moja moja, hata karani wa ghala akaanza kuniita Profesa wa Picha.

Siku yenyewe ilianza kwa simu. Shemeji yangu, mume wa dada, alipiga asubuhi kwa simu ya jirani mwenye sola.

"Dada yako ameanza tangu jana," akasema. "Anahara, anatapika. Maji matupu."

"Mnampa nini?"

"Chumvi na sukari tunayo, tunamchanganyia. Lakini tunachanganya kwenye maji gani? Ni yale yale ya mto. Vyoo vyote vimezama humo."

"Chemsheni."

"Kwa kuni zipi, shemeji? Tunachoma viti."

"Dawa ya maji imefika ghalani hapa. Inakuja leo."

"Leo leo?"

"Leo."

Neno hilo nililisema mwenyewe. Hakuna mtu aliyenituma.

Mapipa yalikuwa sita, ya plastiki, yameletwa na lori kutoka Malindi. Kila pipa lilikuwa na ile picha ya njano. Matano yalikuwa mazima. La sita liliangushwa wakati wa kushusha, mfuniko ukapata ufa kutoka ukingo mpaka katikati, na unga umejitokeza pale kwenye ufa. Nilipitisha kidole, kikaniwasha.

Karani wa ghala ni mtu wa makamo kama mimi, ana kalamu tatu mfukoni na anaandika na moja. Huyo ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu.

"Bwana karani, hili limepasuka."

"Nimeliona. Lizungushie selotepu."

"Na karatasi ya mistari myekundu?"

Akacheka. "Profesa! Umeanza?"

"Nauliza tu."

"Hiyo inajazwa na mtu mwenye cheti, na huyo mtu yuko Malindi. Na pipa lenyewe libadilishwe. Siku mbili hizo, labda tatu."

"Basi tuache hilo moja, yaende matano."

"Kwani hayo matano yana karatasi?"

Akampigia mkubwa wake wa shirika la misaada, akaweka spika ili nisikie mwenyewe. Huyo mkubwa ndiye wa pili. Sikuwahi kumwona uso, nilisikia sauti tu, sauti ya mtu anayetafuna.

"Hiyo dawa ni ya nini?"

"Kusafisha maji, mkubwa."

"Si basi ni usafi? Andika vifaa vya usafi. Watu wanakufa huko, nyinyi mnabishania karatasi?"

Karani akakata simu, akanitazama. Hakuongea kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Dada yako si yuko huko huko? Anakunywa maji gani saa hii?"

Hapo akanimaliza. Nilijua anachofanya si sawa, nilijua kwa picha na kwa maneno, na nilitaka akifanye haraka. Nilichukua selotepu nikaizungusha ule mfuniko mara nne. Akasema tuvishe mapipa magunia ili rubani asije akaanza maswali, nikayavisha. Chini ya fomu nyeupe ya kawaida, palipoandikwa aliyepakia, nikaweka sahihi yangu.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo mkaguzi wa ajali aliyekuja baadaye hakulielewa hata tulipomweleza mara tatu. Ndege ikienda mahali penye jamaa, watu huleta salamu: kibuyu cha maziwa, samaki wakavu, majani ya chai. Salamu si mzigo. Haiwekwi kwenye mizani wala haiandikwi. Ukimwambia mama wa watu alete umpimie samli ya binti yake, umemtukana, ni sawa na kumuuliza anampenda mtoto wake kilo ngapi. Tunaipokea kwa mikono miwili, tunaipakia mwisho, juu ya kila kitu, ili mlango ukifunguliwa itoke kwanza. Vibarua wote hufanya hivyo. Marubani wanaona na hawasemi neno.

Asubuhi hiyo alikuja mama mmoja wa Kiorma, mfugaji, ametembea kwenye matope kutoka upande wa malisho. Binti yake alikuwa amekwenda kijijini kwa kina dada kuuza maziwa, mafuriko yakamfungia huko. Alikuwa na jerikeni ya lita tano ya samli. Mfuniko wake ulikuwa umepotea, ameziba kwa nailoni iliyokunjwa na kufungwa kamba.

"Mwanangu, hii ni ya binti yangu. Mwambie mama yake mzima. Na usiimwage."

"Haimwagiki, mama."

"Nyinyi watu wa mto nawajua. Usije ukakaangia samaki njiani."

Nikacheka, naye akacheka. Niliipandisha ile jerikeni juu ya pipa lenye selotepu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mlango. Mimi, Profesa wa Picha. Ingekuwa petroli ningeruka. Ingekuwa dizeli ya mashua ningeiweka mbali. Lakini samli kichwani mwangu haikuwa mafuta. Ilikuwa chakula, ilikuwa salamu ya mama kwa bintiye. Mwalimu alisema mafuta, nami nikaona picha ya kituo cha petroli.

Yule mama simweki kwenye orodha. Mkaguzi alitaka kumweka kwenye ripoti yake, nikamwambia afute.

Rubani alikuja akasoma fomu akiwa amesimama.

"Vifaa vya usafi. Sabuni?"

"Sabuni na mambo ya aina hiyo," karani akajibu.

Rubani akabonyeza gunia kwa kidole, akanigeukia. "Mzee, kuna nini humu?"

"Ni kama ilivyoandikwa, kapteni."

Angeweza kufungua. Kamba ilikuwa moja tu. Lakini alikuwa na safari nyingine tatu siku hiyo na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa bahari. Niliona macho yake yamejua kuna kitu, na nikaona akiamua kutojua. Kwa hiyo huyo ni wa tatu. Jinsi alivyotushusha chini nitamshukuru maisha yangu yote, lakini ni wa tatu.

Walinichukua nikashushe mzigo huko, nikakaa kiti cha mbele kando yake. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa. Juani ndani ya ndege ile palikuwa na joto la tanuri, na tulipopaa hewa ikaanza kuturusha. Chini yetu mashamba yote yalikuwa maji ya rangi ya chai, paa za nyumba zimejitokeza hapa na pale. Nilitafuta shamba langu sikuliona.

Harufu ilikuja kwanza, kali, ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Rubani akavuta pumzi kwa pua.

"Sabuni yako imemwagika."

Nikageuka. Nailoni ilikuwa imelegea. Samli imeyeyuka kwa joto, inashuka taratibu, mstari wa njano juu ya gunia, na gunia limelowa pale pale kwenye ufa. Nilikuwa bado natazama wakati moshi ulipotoka, mweupe, mwembamba kama wa ubani. Halafu paliwaka. Hapakuwa na cheche wala mlio. Gunia lilikuwa gunia, kisha likawa moto.

"Ni nini hiyo?" rubani akapiga kelele. "Sema ni nini!"

"Dawa ya maji! Klorini!"

"Mbona hukuniambia?"

Akanirushia chupa ya kuzimia moto. Niliimaliza yote. Moto ulijikunja kidogo, ukasimama tena, nikakumbuka maneno ya mwalimu kwamba huo una pumzi yake. Nilishika wavu nivute lile pipa mpaka mlangoni nilitupe mtoni. Nailoni ya wavu ikanata kwenye ngozi ya kiganja, vidole viwili havijakunjuka tangu siku hiyo. Moshi ukawa na rangi ya kijani mbichi. Macho yalifunga yenyewe. Kila pumzi ilikuwa kama kumeza pilipili iliyosagwa, na sikuweza kuacha kupumua. Rubani alitoa kichwa nje ya dirisha akaendesha hivyo. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, sijui alikuwa akihesabu nini.

Tulitua kwenye kipande cha barabara kando ya shule, pale pale tulipotakiwa kutua. Gurudumu moja likavunjika, ndege ikageuka ubavu ikaingia kwenye tope. Mtu alinivuta kwa kola ya shati. Alikuwa shemeji.

Kijiji chote kilikuwa kimekuja kupokea dawa. Walikuja na mabeseni na ndoo na sufuria, maana waliambiwa ni ya unga. Vyombo hivyo hivyo wakavitumia kumwagia ndege maji. Maji machache kwenye moto ule yalizidisha moshi, ukawarudisha nyuma wakikohoa, rubani akiwapigia kelele waondoke, waondoke. Wakasimama mbali. Walitazama mapipa sita yakiisha, mmoja amekumbatia beseni lake tupu kifuani.

Walinibeba mpaka nyumbani kwa dada, kwa sababu sikuwa na nyumba nyingine pale. Wakanilaza kwenye mkeka kando yake. Alikuwa amekonda kwa siku mbili kama mtu wa miezi. Ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Alinitambua.

"Umekuja," akasema. "Umeileta?"

Sauti yangu ilikuwa imekwisha. Niliitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Mungu akubariki, mdogo wangu."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Aliinama akachota kikombe kutoka kwenye ndoo, akatia chumvi na sukari, akakoroga, akamnywesha yale yale maji.

Kesho yake asubuhi ilikuja helikopta. Nilidhani imemjia yeye. Nilisikia mlio nikamshika mkono, nikajaribu kumwambia twende. Akashuka mwokoaji mwenye fulana ya mifuko mingi na karatasi mkononi. Karatasi ilisema majeruhi wawili wa ajali ya ndege. Shemeji alimshika mkono.

"Bwana, huyu mama ni mgonjwa kuliko hawa. Mchukueni na yeye."

"Huyo ni kesi ya kipindupindu," yule mtu akasema. "Hao wana utaratibu wao. Wataletewa."

"Wataletewa nini?"

"Msaada unakuja."

"Nafasi si ipo? Naiona, ile pale!"

"Mzee, sina ruhusa ya kubeba asiyeandikwa."

Nilitaka kusema nitolewe mimi awekwe yeye. Nilifungua mdomo ikatoka hewa tu. Nilishika nguzo ya mlango kwa mkono mzima, watu wawili wakanibandua vidole polepole, kwa upole kabisa, wakisema tulia mzee, unapona. Dada alikuwa amelala amegeukia ukuta. Sijui kama aliona nilivyoondolewa. Huyo mwenye karatasi ni wa nne.

Alikufa siku ya pili baada ya mimi kuondoka. Dawa nyingine ilifika siku iliyofuata, mapipa manne mazima, na karatasi yake ya mistari myekundu imejazwa vizuri, nimeonyeshwa nakala.

Mkaguzi alinikuta hospitalini. Nilimweleza yote kwa sauti ya kukwaruza, selotepu, magunia, simu yenye spika. Aliandika. Ripoti ilipotoka nikasomewa: mzigo ulipangwa vibaya na kibarua, kitu cha mafuta kikawekwa juu ya kemikali. Ni kweli tupu. Karani alisema hakuwahi kuambiwa kwamba pipa lina ufa. Mkubwa wake alihamishwa akapelekwa kituo kizuri zaidi. Kwenye fomu, sahihi ya kupakia ni moja, na ni yangu.

Maji yalipopungua shemeji alikuja Garsen kununua mbegu. Tulikaa kwenye kibanda cha chai. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Nataka kukuuliza jambo moja," akasema. "Ulijua lile pipa ni bovu?"

"Nilijua."

"Na kwamba halifai kupanda ndege?"

"Nilijua. Tulifundishwa."

"Ungekataa, ingekuwaje?"

"Tungengoja siku mbili au tatu, yaje mapya."

Akaweka mkono mezani akakunja vidole kimoja kimoja. Siku aliyopiga simu. Siku ya helikopta. Siku iliyofuata. Siku aliyokufa. Akarudia tena kutoka mwanzo, kana kwamba vidole vingebadilisha jibu. Nilitamani anitukane.

"Siku mbili angezifikia," akasema. "Tatu, sijui."

"Sijui pia, shemeji."

"Watoto wanasema mjomba alipita motoni kumletea mama yao dawa. Wanawasimulia wenzao shuleni." Akasukuma kikombe. "Waache hivyo hivyo. Usiwaambie."

Nilikubali. Nilimpa mkono ule mzima, akaupokea, akaenda kupanda bodaboda na mbegu zake.

Watoto wakija likizo wananizunguka, wanaomba kushika vile vidole viwili vilivyokunjika. Binti mkubwa wa dada yuko sekondari sasa, anasoma kila kinachoandikwa, hata karatasi ya kufungia sukari. Nilikubali kutowaambia, lakini haya nimeyaandika. Wa tano ni kibarua wa kupakia, aliyeijua ile picha ya njano.